Minyaa ya Mama Skolastika

Siku mliponiaga pale ofisini, baada ya pilau na hotuba zilizokuwa ndefu kuliko foleni ya pilau, mmoja wenu alinifuata na fomu ya mradi wa dampo jipya. Alitaka nimsaidie kujaza mahali palipoandikwa "Athari kwa mandhari". Nikafungua fomu za zamani kwenye kabati, nikakuta sote tumekuwa tukiandika neno lilelile: "Hakuna". Hata mimi nimeliandika, na saini yangu ipo. Nilimwambia aniachie, nitamjazia nikiwa nyumbani. Sasa niko nyumbani, mke wangu amechoka kunitazama nikihamisha kiti kufuata kivuli, na haya ndiyo majibu yangu. Najua hayataenea kwenye mstari mmoja.

Vyeo na mishahara sitaviongelea. Vyeo nilivipata kwa sababu waliokuwa mbele yangu walichoka kabla yangu, na mishahara mnaijua. Nitawaeleza jalala moja tu, na mama mmoja aliyelitazama.

Niliingia kazi hii miaka ya tisini, wakimbizi walipojaa Ngara. Kabla ya hapo nilikuwa msaidizi wa afya Biharamulo, nikikagua vyoo vya shule na mabucha, kazi iliyonifundisha kuzuia pumzi. Shirika moja la misaada lilikuwa linatafuta mtu wa kusimamia taka za kambi. Nikapanda lori la mahindi asubuhi, mchana nikashuka juu ya kilima, na mbele yangu vilima vyote vilikuwa vimefunikwa na shitingi, zile turubai za plastiki za msaada, kilima baada ya kilima. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, nimezoea kuona mbali. Siku ile niliona mbali na nikatamani nisione.

Nilikabidhiwa gambuti, reki, tepu ya kupimia na vibarua ishirini. Vibarua walikuwa wakimbizi wenyewe. Kiongozi wao aliitwa Venansi, mwalimu wa shule ya msingi huko alikotoka, mtu mpole aliyeshika koleo kama anashika chaki. Jalala lilikuwa ng'ambo ya kambi, kwenye mteremko unaotazama bonde lenye mafunjo na kijito chembamba katikati. Lilikuwa mashimo matatu makubwa, na tipa moja lililofika linapotaka.

Msidhani taka za kambi zilikuwa nyingi kama za mjini. Mkimbizi hatupi kitu. Kopo zima la mafuta ya msaada halikufika jalalani hata siku moja; liligeuka koroboi, ndoo, mlango, gitaa. Kilichofika kwetu ni vipande vya makopo visivyokatika tena, shitingi zilizooza kwa jua, majivu, na uchafu wa zahanati ambao ulikuwa na shimo lake la kuchomea. Mimi niliona mradi unakwenda vizuri. Inzi wamepungua, moshi umepungua, kijito kiko mbali vya kutosha. Nikaandika ripoti ya kwanza nikajisifu kidogo.

Msimamizi wa vibarua wenyeji alikuwa Mzee Salvatory wa Mabawe, Mhangaza, fundi wa kuchimba visima tangu ujana wake. Kila kitu ninachojua kuhusu udongo alinifundisha yeye, na alinifundisha kwa kukoroma. Ukifanya sawasawa alinyamaza, ukikosea alikoroma puani kama nguruwe, na hakueleza mpaka umuulize. Nilimsomea ripoti yangu. Akakoroma.

"Umekosa nini, mzee?"

"Umepima jararani," akasema. Wengi wa huko hubadilisha r na l, na ukikaa nao miaka miwili na wewe unaanza. "Mtu hapimi jarara akiwa jararani. Twende."

Tukashuka bondeni, tukavuka kijito juu ya gogo, tukapanda upande wa pili mpaka kwenye nyumba moja iliyozungukwa na migomba. Mwenye nyumba alikuwa mjane, Mama Skolastika. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani akichambua maharage, na nikaona jambo la ajabu: alikuwa ameugeuzia uso ukuta wa nyumba yake, amelipa bonde zima mgongo. Watu wa pale wakikaa uani hutazama bonde. Ndiko wanakoona mgeni anayekuja, mvua inayokuja na mbuzi wa jirani wanaokuja.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Ndiwe Bwana Jarara?"

Hilo ndilo jina nililokuwa nimepewa kijijini bila kushauriwa. Nikakubali. Akainuka, akageuza kigoda kielekee bondeni, akaniambia nikae. Nikakaa. Ilikuwa saa tisa alasiri.

"Unaona nini?"

Nikaona. Kutoka pale, mashimo yangu matatu yalikuwa kama vidonda vitatu kwenye goti. Udongo mwekundu, majivu meusi, shitingi zilizochanika zikipepea kwenye vichaka, na makorongo wenye vipara wamesimama pembeni kama wazee wa mirathi. Kibaya zaidi, jua lilikuwa limeanza kuinama, na vile vipande vya makopo vikaanza kumeta. Vilimeta moja kwa moja usoni pangu. Nikafumba macho.

"Naona jalala, mama."

"Mimi nirikuwa naona ng'ombe wa mume wangu," akasema.

Hapo ndipo nilipoelezwa kwamba mteremko ule ulikuwa wake. Mumewe alichungia pale miaka yote, na kabla hajafa alisema utakuwa wa mtoto wao wa mwisho, Deogratias, ajenge na aoe. Kambi ilipofurika, mwenyekiti wa kijiji alimwomba auazime kwa ajili ya taka, kwa maneno tu, mbele ya majirani. Mama Skolastika alikubali. Aliniambia sababu bila kujikweza: watu walikuwa wamekuja na watoto mgongoni, na takataka lazima ziende mahali. Karatasi hakuna aliyeikumbuka siku hiyo, wala yeye hakuiomba.

"Kuazima nimeazima," akasema. "Rakini watu wanasema kitu kikiingia mkononi mwa shirika hakirudi. Deo ana umri wa kuoa. Nikimwambia shamba rako ni rire jarara, nani atampa binti wake?"

Nilikuwa kijana, na vijana huahidi. Nikamwambia: "Mama, mteremko utarudi. Na hata kabla haujarudi, utakaa hapa na hutaona uchafu."

Mzee Salvatory alikoroma. Sikumuuliza.

Kwa hiyo nilianza kazi ambayo haikuwa kwenye mkataba wangu, kulificha jalala. Wenzangu vijana, hapa ndipo mchukue kalamu. Kwanza tulishughulika na makopo. Tuliyaponda kwa nyundo, tukayazika siku hiyohiyo yalipofika, na juu yake koleo la udongo kabla ya saa nane mchana, kwa sababu jua la saa tisa halisubiri ratiba yenu. Pili tulihamisha njia ya tipa. Ilikuwa inapanda wima, ukiitazama kutoka ng'ambo unaona mpaka ndani ya shimo. Tukaipinda izunguke kichuguu kikubwa, na kwa kuipinda tu nusu ya jalala ikapotea machoni bila gharama. Tatu, udongo tuliochimba hatukuumwaga ovyo tena. Tuliupanga kuwa tuta mbele ya mashimo, tukaotesha nyasi za palepale, si nyasi za kununua. Nne, tulitega nyavu kuukuu za kuvulia upande wa upepo, zikanasa plastiki. Zilinasa pia kuku mmoja wa mwenyekiti wa kijiji, na lile shauri la kuku lilinichukua muda mrefu kuliko tuta.

Kila Ijumaa nilivuka kijito nikaenda kukaa kwenye kigoda. Mama Skolastika alinigeuzia, nikakaa, akaniuliza "Unaona nini?" na mimi nikamtajia. Akaendelea kukaa akitazama ukuta. Mbele yangu hakuwahi kugeuka. Alisema atageuka siku ambayo hakuna cha kutaja.

Kilichobaki kilikuwa sehemu ya juu ya mashimo na paa la kibanda cha kuchomea uchafu wa zahanati. Pale palihitaji miti. Nikaagiza miche Biharamulo, ikaja mizuri, tukaipanda safu mbili. Mbuzi waliimaliza kwa siku mbili. Ya pili tuliizungushia miiba. Usiku ikachukuliwa miiba yenyewe, kambini kuni zilikuwa taabu. Nikakaa nikawaza kama Msukuma: kwetu, mtu akitaka ua usioliwa na mbuzi, usioibwa kwa kuni, usioomba maji, anapanda nini? Minyaa. Kila boma la ng'ombe Usukumani lina minyaa. Unakata tawi, unaliacha likauke utomvu siku tatu nne, unalichomeka ardhini, unakwenda zako.

Nilijiona nimepata akili. Mzee Salvatory alikuwa amekwenda Nyamiaga kumzika dada yake, na mimi sikuona haja ya kumngoja. Kuuliza si ujinga, tunafundishwa hivyo tangu darasa la kwanza, lakini mtu akishapata wazo zuri hupenda kulitumia likiwa la moto.

Tulikata matawi siku nzima. Utomvu wa minyaa ni mweupe kama maziwa na ukikuingia jichoni unaweza kulala kipofu. Ulimrukia Venansi. Akapiga kelele, na mama mmoja mkimbizi aliyekuwa anapita na mtoto mchanga akamshika kichwa, akamkamulia maziwa yake jichoni bila kuomba ruhusa ya mtu, kisha akajifunga kanga akaendelea na safari. Jicho likapona. Nawaambia ili mkishika minyaa mvae miwani, kwa kuwa huyo mama hamtampata kila siku.

Matawi yalipokauka, tukapanda. Safu moja ndefu, imenyooka kwa kamba, kutoka kwenye kichuguu mpaka mwisho wa mashimo, ikikata mteremko wa Mama Skolastika vipande viwili. Vibarua walifanya kazi wakiwa kimya siku ile. Kwa kawaida Venansi aliimba. Nikadhani ni jicho.

Asubuhi iliyofuata nilipofika, tipa lilikuwa limesimama njiani limezimwa. Kando ya safu yangu ya minyaa, kutoka mwanzo mpaka mwisho, watu wa kijiji walikuwa wamekaa chini. Wanaume na mapanga yao magotini, wanawake na majembe. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Katikati alikuwa Mama Skolastika, amekaa ardhini, hakuja na kigoda.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

Hakuitikia. Katika maisha yangu nimetukanwa na wengi, lakini kunyimwa marahaba sijawahi kusahau.

Mwenyekiti ndiye aliyesema. "Mumeweka mpaka."

"Mpaka gani? Huu ni ua tu, wa kuficha taka."

Kicheko kikavu kikapita. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho kila mtoto wa pale anakijua: kwao minyaa iliyopandwa safu ndiyo hati ya shamba. Ukinunua shamba, ukirithi, ukigawana na ndugu, mnapanda minyaa mbele ya majirani, na tangu hapo mti ule unasema upande huu wa fulani, upande ule wa fulani. Mimi, kwa mkono wangu, tena kwa kamba, nilikuwa nimeandika ardhini kwamba nusu ya mteremko ule ni ya shirika. Lile ambalo watu walikuwa wakimwambia Mama Skolastika kila siku, nilikuwa nimelifanya.

Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikasema: "Basi nimekosea, nang'oa sasa hivi," nikainama nikashika tawi la kwanza.

Watu wote wakaruka juu. Mtu mmoja alinikamata mkono kwa nguvu hata tepu ikaanguka. "Usiguse!" Mama Skolastika akapiga kelele. Ndilo neno lake la kwanza siku hiyo. "Uking'oa peke yako, kesho utasema urikuwa hapa, au urikuwa pare. Minyaa haing'orewi bira mashahidi!"

Kumbe kuing'oa ni kosa kubwa kuliko kuipanda. Mwizi wa mpaka ndiye anayeng'oa. Kwa hiyo nilikuwa na ua nisioweza kuuacha wala kuutoa. Mashahidi lazima wawe majirani wa pande zote, pamoja na mzee wa upande wa aliyekosa. Upande wangu, mzee alikuwa Salvatory, na Salvatory alikuwa matangani.

Nilimfuata Venansi pembeni. Nilikuwa na hasira, nikitafuta wa kugawana naye kosa. "Wewe ulijua?"

"Kwetu ni hivyohivyo, bwana," akajibu. "Wote tulijua."

"Mbona hukuniambia?"

Alifuta jicho lile lililorukiwa na utomvu. "Tulidhani ofisi imeamua. Na sisi ni wageni hapa. Mgeni hasahihishi mpaka wa mwenyeji."

Watu ishirini walichimba mashimo ya kosa langu wakijua ni kosa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza wanajua nini.

Siku tatu taka hazikuzolewa. Zilirundikana kambini, inzi wakarudi, daktari wa zahanati akaja ofisini kwangu akiwa na uso wa mvua, na mvua yenyewe ilikuwa inakusanyika upande wa Burundi. Mkuu wangu wa kazi alitaka kujua kwa nini kazi ya kambi nzima imesimamishwa na vijiti. Nilijaribu kumweleza. Aliandika kwenye daftari lake "mgogoro wa vijiti", nikaona heri niache. Sikulala vizuri siku hizo. Sikuhofia kazi yangu sana. Kila nilipofumba macho nilimwona yule mama amekaa ardhini.

Mzee Salvatory alirudi siku ya tatu, amenyoa kichwa kwa msiba. Nilimsimulia yote tukiwa tumesimama. Safari hii hakukoroma. Alicheka mpaka akashika kiuno, mtu aliyetoka kuzika, akacheka hadi machozi, kisha akajifuta na kusema: "Mtoto wa ng'ombe wewe. Urikuwa unamfichia mama uchafu, ukamwibia shamba." Akafunga safari kwenda ng'ambo, nami nyuma yake.

Walikuwepo majirani, mwenyekiti, Deogratias mwenyewe, kijana mrefu asiyesema, na Mama Skolastika. Salvatory aliniombea msamaha kwa Kihangaza, na nilivyoona watu wanavyoniangalia wakibana midomo nikajua anawaeleza habari za maboma ya ng'ombe ya Usukumani. Kisha akapendekeza ing'olewe yote, ichomwe, yaishe. Watu wakaitikia. Nikashusha pumzi.

"Hapana," akasema Mama Skolastika.

Akanigeukia mimi.

"Minyaa hii inaficha kweri?"

"Inaficha, mama. Ikikua. Kuliko mti wowote."

"Na mbuzi hawari?"

"Hawali."

Akafikiri, akikwaruza unga wa udongo kwenye kiganja. "Basi isichomwe. Ihamishwe. Ipandwe kuzunguka mteremko wangu wote, kutoka mpaka wa jirani yangu Filbert mpaka kwenye kijito, mbere ya hawa. Ya kwanza nitapanda mimi. Jarara ritakuwa ndani ya shamba rangu. Si shamba rangu ndani ya jarara."

Nawaambieni, nimehudhuria semina nyingi baadaye, katika hoteli zenye maji ya chupa, na sijasikia mpango wa mazingira uliokamilika namna ile. Kwa sentensi chache alikuwa amepata ua wake, mpaka wake na mashahidi wake, na mimi nikapata pazia langu. Hata pazia lenyewe likawa bora, maana lilizunguka na kufuata mikunjo ya kilima, halikusimama katikati kama ukuta wa gereza.

Kesho yake iling'olewa na kupandwa. Mama Skolastika alichomeka tawi la kwanza, Deogratias la pili. Majirani wa pande zote walishika kila mmoja tawi lake. Mimi niliambiwa niseme kwa sauti, mbele ya watu, kwamba shirika limeazimwa na halina mti wake pale. Nikasema. Niliambiwa nirudie, kwa kuwa kuna mzee hakusikia vizuri, nami nikajua amesikia. Kisha wakaleta pombe ya ndizi, tukanywa kutoka kibuyu kimoja. Mama Skolastika alipokea kibuyu, akamwita Venansi aliyekuwa amesimama mbali na koleo lake.

"Na wewe njoo unywe. Wewe umechimba mara mbiri. Utakuwa shahidi."

"Mimi ni mgeni, mama."

"Mgeni ana macho."

Venansi akanywa, kisha naye akachomeka tawi lake. Nilipopita mbele ya yule mama, nikasema tena "Shikamoo", kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu. Alinyamaza kidogo, ili nijue. Kisha akasema, "Marahaba, mwana wanje," yaani mwanangu, na mimi nikaenda nyuma ya kichuguu nikajifanya natafuta tepu. Nilikuwa nalia.

Siku mbili baadaye mvua ilinyesha. Tipa lilikuwa limeshapita.

Minyaa haina haraka. Mwaka wa kwanza ilikuwa vijiti kweli, mkuu wangu hakukosea sana. Mwaka uliofuata ilishika, ikaanza kusukana. Tuliendelea na makopo, udongo, nyavu. Siku za Ijumaa niliendelea kukaa kwenye kigoda, orodha yangu ikawa inapungua: paa, kipande cha tuta, korongo mmoja. Yeye aliendelea kutazama ukuta wake akichambua maharage. Alikuwa na msimamo kuliko wakaguzi wote mtakaokutana nao.

Kisha wakimbizi wakarudi kwao, wengi kwa siku chache tu, barabara nzima imejaa vichwa na mizigo. Venansi alikuja kuniaga. Alinirudishia koleo likiwa limeoshwa. Alisema akiulizwa atasema kutoka kwa Filbert mpaka kijitoni. Sikumwona tena, na natumaini yu hai na anafundisha.

Tulifunga jalala. Tulilaza udongo wa mfinyanzi juu ya mashimo, tukaushindilia, tukaweka udongo mzuri juu yake, tukaotesha nyasi. Nikapangiwa kazi Biharamulo. Nilikuwa huko niliposikia kwamba ardhi yote ya kambi inapimwa upya kupangiwa matumizi mengine, na kwamba katika ramani ya mpimaji mteremko ule umechorwa ndani ya kambi na kuandikwa "eneo la taka". Nikaomba ruhusa, nikapanda lori.

Nilichelewa. Na nilifurahi kuchelewa, kwa sababu sikuhitajika. Mpimaji alikuwa amefika na ramani yake, kijiji kikamwomba atembee. Akatembea kando ya minyaa iliyokuwa imempita kimo, kutoka kwa Filbert mpaka kwenye kijito. Kila jirani alisimama penye mti wake, akasema aliupanda lini na mbele ya nani. Walipofika palipo mti wa Venansi, Deogratias, yule asiyesema, alisema kwamba mwenye mti huu alikwenda kwao, lakini alichimba mara mbili. Mpimaji akauliza hati iko wapi. Wakamwambia ameiegemea. Alikuwa mtu mwelewa, akafuta mstari wake kwa kifutio palepale. Niliposimuliwa hayo nilikaa chini njiani, kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

Hayo yalipita zamani. Nimefanya madampo mengine mengi, mengine makubwa, na katika fomu zake niliandika "Hakuna" nikiwa na haraka. Lakini wiki iliyofuata baada ya ninyi kuniaga, kabla sijazoea kukaa nyumbani, nilipanda basi nikaenda Ngara. Gogo la kijitoni sasa ni daraja la mbao. Nilipopanda upande wa pili nilihema, mara mbili nikasimama nikijifanya natazama migomba.

Mama Skolastika yupo. Amekuwa mdogo, sauti ni ileile. Alikuwa uani, kwenye kigoda kilekile, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba alikuwa ametazama bonde.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bwana Jarara, umezeeka vibaya."

Akainuka kwa shida, nikamkataza, hakukatazika. Akanionyesha kigoda. Ilikuwa saa tisa alasiri. Nilikuwa nimepanga hivyo. Nikakaa, nikatazama ng'ambo, nikaanza kutafuta kwa macho ya kazi. Nilitafuta kichuguu, nikakosa. Nilitafuta mahali pa mashimo, nikaona nyasi zimelala sawa upande wote. Nyumba ya bati ya Deogratias ilikuwa kando, mbali na tulipozika, kama nilivyomwelekeza, na nguo za watoto zilikuwa zimeanikwa juu ya minyaa.

"Unaona nini?" akaniuliza.

Jua lilikuwa limeinama, na hakuna kilichometa.

"Naona ng'ombe, mama."

"Wangapi?"

Nikawahesabu, nikamtajia. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

"Basi inuka," akasema. "Nafasi yangu hiyo."